Mkopo ukifa, jukwaa linapoteza nini?

Mwaka 2005 kampuni ya Zopa ilianza kazi Uingereza ikiwa na wazo lililopendeza masikioni: mwenye akiba amkopeshe mwenye shida moja kwa moja kupitia intaneti, benki iwekwe kando, na faida iliyokuwa ikiliwa na benki wagawane wao wawili. Desemba 2021 Zopa ikafunga biashara hiyo. Leo ni benki. LendingClub ya Marekani iliacha kuuza vipande vya mikopo kwa watu binafsi mwishoni mwa 2020, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata ikakamilisha kuinunua benki ya Radius. RateSetter ilinunuliwa na Metro Bank. Funding Circle, iliyokuwa ikikopesha biashara ndogo, ilisimamisha kupokea fedha za watu wa kawaida mwaka 2020, na mwaka 2022 ikawafungia mlango kabisa, ikabaki na taasisi.

Hao ndio waliofanikiwa. Nawataja kwanza kwa makusudi, maana mjadala wa hatari za mikopo ya mtu kwa mtu mtandaoni huanza na matapeli kila mara, na matapeli tutawafikia. Ukitaka kujua biashara ina udhaifu gani, watazame kwanza waungwana wake. Watu walioapa kuiondoa benki katikati waliishia kuwa benki, kuuzwa kwa benki, au kuhamia kwa wenye mifuko minene. Walikosa nini ambacho benki inacho? Kwa maoni yangu walikosa kitu kimoja: mtaji wa kubeba hasara. Benki ikikopesha ovyo, fedha za wenye hisa huliwa kabla ya fedha za mwenye amana kuguswa, na ikizidiwa kabisa, katika nchi nyingi kuna bima ya amana. Jukwaa la mikopo likikopesha ovyo, anayeumia ni wewe uliyetoa fedha, tena kuanzia senti ya kwanza.

Jukwaa ni dalali. Dalali wa nyumba hulipwa siku nyumba inapouzwa. Paa likianza kuvuja mwaka unaofuata, humwoni. Vivyo hivyo sehemu kubwa ya mapato ya majukwaa haya hutoka kwenye kamisheni anayokatwa mkopaji siku fedha zinapotoka, na juu yake kuna ada ndogo ya kila mwaka kwa kazi ya kukusanya marejesho. Kila mkopaji anayekataliwa ni kamisheni iliyopita kando. Mkurugenzi anaweza kuwa mcha Mungu na wachambuzi wake wakawa hodari, lakini kila mwisho wa robo mwaka wenye hisa wanamuuliza ametoa mikopo kiasi gani. Iliyokufa huulizwa baadaye, na mara nyingi na watu wengine.

Sasa tuliangalie tangazo linalosema asilimia 12, na hesabu yake tuifanye polepole.

Una laki moja. Unaigawa katika mikopo 100 ya elfu moja moja, ya mwaka mmoja, riba asilimia 12, na jukwaa linakukata asilimia 1 ya ulichowekeza. Tuseme wakopaji saba wanashindwa kulipa, na kwa kila mmoja wao, baada ya simu na barua nyingi, inapatikana mia mbili. Wale 93 wanarudisha 1,120 kila mmoja, jumla 104,160. Wale saba wanaongeza 1,400. Toa ada ya 1,000. Mkononi una 104,560. Asilimia 12 ya tangazo imekuwa asilimia 4 na nusu hivi, na kodi bado haijapita. Mwaka mwingine uchumi unayumba kidogo na wanaoshindwa wanafika 12. Waliobaki 88 wanaleta 98,560, wale 12 wanaleta 2,400, toa ada ile ile: 99,960. Watu watano tu katika mia wamebadilika, riba yote imeyeyuka na mtaji umeanza kumegwa. Ada ya jukwaa haikupungua hata senti.

Kinachouma katika hesabu hii ni kwamba mkopaji mwema hawezi kukulipa zaidi ya 12, lakini mbaya anaweza kuondoka na karibu zote mia. Ili kufidia mkopo mmoja uliokufa kwa namna hiyo unahitaji mikopo minane hivi iliyolipwa yote. Mwenye hisa za kampuni ya kawaida angalau ana nafasi ya kampuni moja kukua mara kumi na kufunika zilizokufa. Mkopeshaji hana bahati ya aina hiyo. Kinga yake ni moja tu, kuchagua vizuri nani apewe, na kazi hiyo amemwachia dalali.

Utaambiwa utawanye. Ushauri mzuri, na una mpaka wake. Kutawanya kunakukinga na mkopaji mmoja aliyeugua au kufukuzwa kazi. Hakukukingi na mwaka mbaya, kwa sababu mwaka mbaya huwafikia wote kwa pamoja. Tena mikopo yako 100 imechujwa na programu moja, kwa vigezo vile vile, na kama kigezo kimoja kimekosewa, kosa hilo limo katika mikopo yote. Mwenye mikopo 500 kwenye jukwaa moja bado ameweka fedha zake zote kwenye uamuzi wa kampuni moja.

Kwani majukwaa hayatoi takwimu za wasiolipa? Hutoa, na hapo pana ujanja usiohitaji uongo wowote. Mkopo haufi siku ya kwanza. Mkopaji hulipa miezi ya mwanzo, mara nyingine kwa fedha hizo hizo alizokopa, ndipo anapoanza kuchechemea. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayaji kesho yake. Basi chukua jukwaa lililotoa mikopo 1,000 mwaka wake wa kwanza, na mwaka wa pili 100 kati ya hiyo ikafa. Mwaka huo wa pili limetoa mingine 4,000, bado mibichi. Kwenye tovuti litaandika: mikopo 5,000, iliyoshindikana 100, asilimia 2. Hesabu ni sahihi kabisa. Ila katika kundi lililokomaa wamekufa asilimia 10. Jukwaa linalokua kwa kasi hufunika wafu wake kwa watoto wachanga, na siku ukuaji unaposimama asilimia ile hupanda yenyewe, hata kama ubora wa wakopaji haujabadilika hata kidogo. Ndiyo maana takwimu ya maana ni ile ya mwaka mmoja mmoja: mikopo yote iliyotolewa mwaka fulani, imekufa mingapi hadi leo, na kilichookolewa ni kiasi gani. Majukwaa makini huichapisha. Likikosekana jedwali hilo, mimi sina haja ya kusoma kurasa zinazofuata.

Kuna jambo jingine ambalo watu huliruka kwenye mkataba: unamdai nani? Wengi huamini wanamdai yule mkopaji ambaye maelezo yake wameyasoma, mwenye kutaka kulipia matengenezo ya nyumba au kufuta deni la kadi. Kwa LendingClub haikuwa hivyo. Baada ya mdhibiti wa masoko ya mitaji wa Marekani kutaka bidhaa hizo zisajiliwe mwaka 2008, mwekezaji alikuwa ananunua hati ya deni ya LendingClub yenyewe, isiyo na dhamana, ambayo malipo yake yalitegemea mkopaji kulipa. Mkopo wenyewe ulitolewa kwa jina la benki, WebBank. Maana yake mwekezaji alibeba hatari mbili kwa riba moja. Mkopaji akishindwa, anapoteza. Kampuni ikifilisika, anaweza kujikuta kwenye foleni ya wadai hata kama mkopaji wake analipa kila mwezi bila kukosa. Maelezo haya hayakufichwa. Yaliandikwa wazi katika nyaraka ndefu ambazo sidhani kama mtu anayeweka dola 25 kwenye mkopo mmoja huwa anazifungua.

Na hata kampuni kubwa iliyo kwenye soko la hisa inaweza kuteleza. Mei 2016 mwanzilishi na mkurugenzi mkuu wa LendingClub, Renaud Laplanche, alijiuzulu baada ya uchunguzi wa ndani kukuta mikopo ya dola milioni 22 imeuzwa kwa mwekezaji mmoja kinyume na masharti aliyoyaweka. Huyo alikuwa mnunuzi mkubwa, mwenye wanasheria wa kumkagulia. Mwenye dola 25 angejuaje?

Kesi ya Lendy inafundisha zaidi, kwa kuwa ndani yake yamo karibu yote. Lendy ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyokusanya fedha za watu na kuwakopesha wajenzi na wenye majengo. Riba ilifika asilimia 12 kwa mwaka, na juu yake neno linalotuliza moyo kuliko yote: rehani. Jina lake lilikuwa kubwa kiasi cha kudhamini mashindano ya mashua ya Cowes Week. Julai 2018 ilipata kibali kamili cha FCA, mdhibiti wa masoko ya fedha wa Uingereza. Mei 2019, miezi kumi baadaye, ikaanguka ikiwa na mikopo ya zaidi ya pauni milioni 160 ambayo haijalipwa. Wasimamizi wa ufilisi walipofungua mikataba ikaonekana kuna makundi mawili: waliomkopesha mkopaji moja kwa moja, na wa awali ambao kisheria walikuwa wameikopesha Lendy. Wote walikuwa wanatazama ukurasa ule ule, wenye picha zile zile za majengo.

Rehani yenyewe tuipe dakika moja. Jukwaa likikwambia mkopo hauzidi asilimia 70 ya thamani ya jengo, uliza thamani ya lini. Ya leo, likiwa msingi na nguzo, au ya siku litakapokwisha na kupakwa rangi? Asilimia 70 ya jengo ambalo halijasimama ni asilimia 70 ya makadirio ya mthamini. Mjenzi akikimbia katikati, mnunuzi wa gofu hatalipa bei ya jengo lililokamilika. Kisha kuna gharama za mahakama, walinzi, mawakili na dalali wa mnada, na hizo hulipwa kabla yako. Mtu aliyejiona yuko salama kwa asilimia 30 za juu anagundua zimeliwa na taratibu.

Tuje kwenye kitufe cha kutoa fedha. Mkopo wa miaka mitano ni wa miaka mitano. Mkopaji hawezi kurudisha zote Jumanne kwa sababu wewe una ada ya shule ya kulipa. Lakini kurasa nyingi ziliahidi kwamba unaweza kutoka wakati wowote, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kweli, kwani kila aliyetaka kutoka alipata mtu wa kununua kipande chake. Ukwasi huo, yaani urahisi wa kugeuza kipande kuwa fedha taslimu, ulikuwa wa wageni wanaoingia. Wageni wakisita, kitufe kinabaki pale pale na rangi yake, ila ukikibonyeza unapewa namba ya foleni. Funding Circle foleni yake ilianza kurefuka mwaka 2019, kabla hata ya korona. Mwaka 2020 janga lilipoingia, foleni zikawa za wote.

RateSetter ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kuwapa watu utulivu. Ilikuwa na mfuko wa akiba wa kufidia mikopo iliyokufa, na kwa miaka hakuna mwekezaji aliyepoteza. Mei 2020 ikatangaza kukata riba ya wawekezaji wote kwa nusu ili mfuko uimarishwe. Mgala muue na haki yake umpe: mwaka 2021 Metro Bank iliinunua mikopo yote, na wawekezaji wakalipwa fedha zao. Zopa nayo ilipofunga ilinunua mikopo ya wawekezaji wake. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Ila ona mlango waliotokea: fedha za benki. Mfuko wa akiba ni ulinzi mzuri kwa mwaka wa kawaida. Unajazwa kwa kukadiria mwaka wa kawaida, na ukubwa wake haujui kitakachokuja.

Benki Kuu ya India ilinielewesha jambo hili kuliko makala nyingi nilizosoma. Agosti 2024 ilikaza kanuni zake za mwaka 2017 na kupiga marufuku majukwaa kuuza mikopo ya mtu kwa mtu kama bidhaa ya uwekezaji yenye faida ya uhakika au uwezo wa kutoka wakati wowote. Jukwaa lisichukue hatari ya mkopo, na mkopeshaji aelezwe wazi kwamba hasara ni yake. Yaani lile lililokuwa likiwavuta watu ndilo lililokatazwa. Wengine waliona ni ukali. Mimi naona ni kulazimisha bidhaa ivae nguo zake yenyewe.

Sasa matapeli. Ezubao ilianzishwa China mwaka 2014 na ndani ya mwaka mmoja na nusu ilikuwa imekusanya zaidi ya yuan bilioni 50 kutoka kwa watu wapatao laki tisa. Kwa mujibu wa shirika la habari la serikali, Xinhua, asilimia 95 ya miradi iliyotangazwa ilikuwa ya kubuni. Wa zamani walilipwa kwa fedha za wapya: upatu, ila wenye tovuti nzuri. Wahusika walifukia vitabu vya hesabu vipatavyo 1,200 chini ya ardhi, kina cha mita sita, na polisi walitumia mashine mbili za kuchimba kwa takriban saa 20 kuvifikia. Mwaka 2017 kiongozi wake, Ding Ning, akahukumiwa kifungo cha maisha. Majukwaa mengine yakaanguka kwa wimbi kubwa katikati ya 2018, na kufikia Novemba 2020 mamlaka za China zilisema halijabaki hata moja, katika nchi iliyokuwa nayo kwa maelfu.

Ulaya nayo ilipata ya kwake. TrustBuddy ya Sweden ilikuwa kwenye soko la hisa, jambo ambalo watu hulichukulia kama cheti cha uaminifu. Oktoba 2015 uongozi mpya uliripoti kwamba umekuta fedha za wateja zimekopeshwa bila ruhusa yao na pengo la kronor milioni 44. Januari 2020 Envestio ya Estonia, iliyokuwa ikiahidi karibu asilimia 20 kwa mwaka na kununua tena mkopo ukileta shida, iliingia mitini na tovuti yake ikazimika.

Hiyo ahadi ya kununua tena inastahili neno. Kwenye masoko kadhaa ya mikopo, kampuni iliyotoa mkopo hukuahidi kwamba mkopaji akichelewa siku 60 hivi, itaununua mkopo na kukurudishia fedha. Watu huisoma kama bima. Bima ina fungu lake lililotengwa. Hii ni ahadi ya kampuni ambayo tatizo lake ni lile lile lililokusibu wewe. Mikopo mitatu ikifa, italipa bila shida. Theluthi ya wakopaji wakisimama kulipa kwa mwezi mmoja, kampuni haina cha kukununulia. Mwaka 2020 baadhi ya kampuni zilizouza mikopo kupitia Mintos ya Latvia zilisimamishwa hivyo hivyo. Ahadi ilifanya kazi siku zote isipokuwa ilipohitajika.

Uchangishaji wa mitaji kwa umma ni ndugu wa mikopo hii, ingawa tabia zao zinatofautiana. Ile aina ya kuchangia bidhaa kabla haijatengenezwa nitaipita haraka, kwa kuwa si uwekezaji hata kidogo: ni kununua mbuzi kwenye gunia, na sheria zenyewe za majukwaa husema hivyo kwa lugha ya upole. Watu 12,000 hivi walichangia pauni milioni 2.3 kwa ajili ya droni ndogo ya Zano kupitia Kickstarter, jukwaa la uchangiaji wa aina hiyo. Novemba 2015 kampuni ikafa, na wengi mno hawakupata kitu. Kickstarter hukata asilimia 5 mradi unapofikia lengo la fedha. Lengo la bidhaa halimo kwenye hesabu.

Penye utata ni kwenye hisa. Mwaka 2016 benki changa ya Monzo, wakati huo ikiitwa Mondo, ilikusanya pauni milioni moja kupitia Crowdcube, jukwaa la kuuza hisa kwa umma, kwa sekunde 96. Nakubali kwamba kampuni hiyo ilikua na kuwa kubwa. Lakini ni nani anayesoma hesabu za kampuni kwa sekunde 96? Walioingia walikuwa wanafukuza nafasi isiwapite, na mara hii farasi akashinda. Kipima saa na mstari unaojaa kwenye ukurasa vimewekwa kwa kazi hiyo hiyo, na vinawekwa pia kwa kampuni zitakazokufa.

Na hata kampuni ikinawiri, mchangiaji mdogo anaweza kubaki nyuma ya mlango. BrewDog, watengeneza bia wa Scotland, walianza mwaka 2009 kuuza hisa kwa wapenzi wao, na kwa miaka walijikusanyia wenye hisa wadogo kwa maelfu. Mwaka 2017 akaingia mwekezaji mkubwa, TSG Consumer Partners, akapewa hisa za upendeleo zenye faida ya asilimia 18 kwa mwaka, inayolimbikizwa. Maana yake kampuni ikiuzwa, huyo anatangulia na fedha zake pamoja na limbikizo lote, na wapenzi wa bia wanagawana kinachobaki. Asilimia 18 ikilimbikizwa, kila 100 inakuwa 194 katika miaka minne. Kwa hiyo thamani ya kampuni inaweza kupanda huku fungu la mdogo likishuka. Hakuna aliyevunja sheria. Mwenye fedha nyingi alikaa mezani akajadili masharti, wadogo waliyakuta.

Hisa za namna hii hazina soko la kueleweka, hazitoi gawio kwa miaka, na bei unayoiona mara nyingi imewekwa na muuzaji mwenyewe. Mkopo angalau unajua tarehe yake ya mwisho.

Wadhibiti hawakulala. Uingereza tangu Desemba 2019 mwekezaji wa kawaida anayeingia kwenye mikopo hii anatakiwa asizidishe asilimia 10 ya fedha zake za kuwekeza, na ajibu maswali ya kupima kama anaelewa. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika Novemba 2021, humpa asiye mzoefu siku nne za kubadili mawazo bila faini. Nazipenda siku nne kuliko maonyo marefu. Onyo hupitwa kwa kidole, siku nne zinapoza damu. Lakini yote haya yanamkaba mkopeshaji, na dalali ameachwa na kamisheni yake kama alivyokuwa. Sharti ninalolitaka mimi ni jukwaa kuweka sehemu ya fedha zake katika kila mkopo linaoupitisha, na sehemu hiyo iwe ya kwanza kuliwa. Baadhi ya masoko huitaka kampuni inayokopesha ibakize asilimia 5 au 10 ya mkopo. Ni hatua, ila kwa kawaida kipande hicho kinaumia sawasawa na chako, hakikutangulii. Wenye majukwaa watasema mtaji huo ni mzigo na riba itashuka. Ishuke. Itakuwa imekaribia bei yake halisi.

Aliyekwisha kuingia hana haja ya kukimbia akauza vipande vyake kwa bei ya kutupa. Afungue akaunti, atafute mpangilio wa kuwekeza tena marejesho moja kwa moja, auzime. Majukwaa mengi huuacha umewashwa, na ukiwa umewashwa, salio hupanda kila mwezi kwa namba za kwenye ukurasa tu. Ukizimwa, kila anacholipa mkopaji kinashuka kwenye akaunti ya benki, na kila asicholipa hakishuki. Baada ya mwaka mmoja aijumlishe hiyo iliyoshuka kweli, atoe mtaji uliorudi ndani yake, ndipo ailinganishe na ile asilimia 12.